Bwana Stoo na Jina Moja

Hadithi yangu ya leo haina sungura wala fisi. Anayemtaka sungura aondoke sasa hivi, asije akanililia katikati. Hii ina watu, na watu ni wabaya kuliko fisi. Nitawapa vijana watatu, mwalimu mmoja na karatasi moja, kisha nitanyamaza, na nyinyi ndio mtakaogombana. Nilipoisimulia Njombe, mtu na shemeji yake walitoka nje kukunjana mashati. Kwa hiyo kaeni mbalimbali kidogo.

Palikuwa na chuo kule nyanda za juu, kwenye mashamba ya chai, miaka miwili kabla bendera haijabadilishwa. Kiliitwa Chuo cha Lugalila. Tangu kijengwe kilikuwa cha vijana wa Kizungu peke yao, mpaka serikali ilipoagiza kijaribiwe mseto, yaani Wazungu, Wahindi na Waafrika wasome pamoja. Wakajaribu kweli, kwa namna yao. Wakajenga mabweni matatu, wakaweka meza tatu bwaloni, wakachimbia mabomba matatu ya maji. Darasani walichanganyika kwa sababu ubao ulikuwa mmoja.

Sasa wajueni wale watatu.

Wa kwanza ni Asegelile, Mnyakyusa, mrefu wa kuchungulia paa. Kipaji chake kilikuwa kujua mtu anaelekea wapi kabla mwenyewe hajajua. Mnashangaa? Msishangae. Aliyepisha watu njiani tangu utotoni hana budi kuwasoma miguu yao. Baba yake alimfundisha mapema: Mzungu akija, toka njiani, vua kofia, ngoja apite. Mwenye nguvu mpishe, ndivyo wahenga walivyosema, na kule kwenye chai haikuwa methali, ilikuwa amri.

Wa pili ni Harshad, mtoto wa mwenye duka la nguo mjini. Kipaji chake kilikuwa kupita katikati ya watu kumi bila kugusa hata mkono wa shati. Nyumbani kwao bibi yake alikuwa akitoka sokoni lazima aoge, maana hakujua ni nani amemgusa huko. Harshad alikua hivyo, akijikunja kushoto, akijikunja kulia, ili arudi nyumbani safi. Haikuwa kiburi. Ngozi yake ilikuwa imefundishwa, kama vile yako ilivyofundishwa kuogopa moto.

Wa tatu ni Stavro, Mgiriki, ambaye baba yake alikuwa msimamizi kwenye shamba la chai la Bwana Pettifer. Kipaji chake kilikuwa mkono usiotetemeka. Stavro hakuwahi hata siku moja kufikiri kwamba njia itazibwa mbele yake, na mtu asiyefikiri hivyo hatetemeki. Kasoro yake ni kwamba hakujua kungoja, na hakujua kwamba wengine nao wana mikono.

Na mwalimu wao? Hapo ndipo penye kichekesho. Kwenye karatasi za chuo, mwalimu wa mpira wa kikapu alikuwa mkuu wa chuo, Bwana Crowhurst, mtu ambaye mpira ule aliushika mara moja tu, siku ya kuupokea kutoka posta. Aliyewafundisha hasa alikuwa mtunza stoo, Tasilo Mapunda, Mngoni, aliyekuwa koplo vitani Burma. Huko Burma aliendesha malori pamoja na askari weusi wa Kimarekani, nao walipigilia ringi ya pipa kwenye mti wakamfundisha mchezo. Walimwambia pia kwamba kwao, vyuoni, mweusi na mweupe hawachezi uwanja mmoja. Tasilo akalihifadhi neno hilo kichwani miaka kumi na minne, akitoa na kupokea majembe, mablanketi na sabuni. Wanafunzi walimwita Bwana Stoo.

Aliomba ruhusa ya kuunda timu moja ya chuo kizima. Crowhurst akakubali, kwa kuwa alikuwa mvivu wa kukataa. Ndiyo ikawa timu ya kwanza ya mchanganyiko katika nyanda zile zote, na aliyeiunda alikuwa mtu mwenye funguo za stoo kiunoni.

Msidhani alikuwa mtu mpole. Wapole hawaanzishi mambo.

Mazoezi ya kwanza aliona kitu kilichomkasirisha mpaka akatema mate. Kila Stavro alipokuja na mpira, Asegelile alimpisha. Hakukusudia. Mguu wenyewe ulirudi nyuma, bega likageuka, njia ikafunguka, na Stavro akapita kama anakwenda kuchukua barua zake. Asegelile akabaki anautazama mguu wake kwa aibu.

"Nani kakwambia umpishe?" Tasilo akauliza.

"Hakuna, Mwalimu. Umekwenda wenyewe."

"Basi tutaufunga."

Akachora duara la majivu chini, akamsimamisha Asegelile ndani. Akamwambia Stavro amkimbilie kwa nguvu zake zote, ampige kifua kwa kifua, mara hamsini. Katika mchezo huu, aliyesimama imara miguu chini akigongwa, kosa ni la aliyemgonga. Tasilo alitaka Asegelile alijue hilo kwa mbavu, si kwa masikio. Ukitoka kwenye duara, alimwambia, leo huli. Wiki ya kwanza Asegelile alilala njaa siku tano. Alilia, na si kwa maumivu. Alilia kwa kuwa mwili wake ulikuwa wa mtu mwingine.

Harshad naye alifungwa. Tasilo alichukua kitambaa, akaufunga mkono wa kushoto wa Harshad na mkono wa kulia wa Asegelile, akawaambia wacheze hivyo, wakimbie hivyo, jasho la huyu limwagike kwa yule. Siku ya kwanza Harshad alitapika kando ya uwanja. Asegelile, aliyefungwa naye, akalazimika kuinama pamoja naye mpaka amalize.

"Pole," akamwambia.

"Usinipe pole," Harshad akajibu. "Nakutapikia wewe, halafu unanipa pole?"

Na Stavro, mwana wa watu, alicheza wiki tatu bila mpira. Alikimbia, akajipanga, akanyoosha mikono, na Bwana Stoo akawakataza wote wasimpe. Akikasirika, aongezewe siku. Aliongezewa siku tisa. Mwisho wake alijifunza kukaa mahali mpira utakapofika na kungoja kama maskini anavyongoja hospitali.

Mwaka ukaisha hivyo. Asegelile akawa ukuta. Harshad akawa anatoa pasi bila kutazama nani mweusi nani mweupe, na akifunga anakumbatiwa naye hajikunji. Stavro akawa anangoja zamu yake. Hata bwaloni, Jumamosi, walihamisha meza zao zikagusana, na hakuna aliyethubutu kuzitenganisha. Wakazipiga timu zote za misheni, za magereza na za mjini. Watu wakaanza kuja kutazama, na kutazama kukaleta maneno.

Maneno yalimfikia Bwana Pettifer. Huyu alikuwa na shamba kubwa kuliko yote, alikuwa mwenyekiti wa Klabu ya wenye chai, na alikuwa mwenyekiti wa baraza la chuo. Mseto haukumpendeza. Januari ile Waafrika kumi na wawili walikuwa wamekwisha pata nafasi za kuingia Lugalila, barua wanazo, wazazi wamekwisha uza ng'ombe. Pettifer akamwambia Crowhurst, "Kama mchanganyiko wenu unafaa kitu, leteni timu yenu icheze na Klabu. Mkishinda, wale kumi na wawili waje. Mkishindwa, mlango ufungwe, na hao mlio nao warudi makwao."

Akaweka masharti. Wachezaji watano tu ndio watakaoingia lango la Klabu, bila wa akiba, na Mwafrika asizidi mmoja. Timu ikipungua hata mtu mmoja, imeshindwa. Crowhurst akatia sahihi. Kwa hiyo watano wakawa Asegelile, Harshad, Stavro na wengine wawili ambao walicheza vizuri na wakarudi kwao salama, ndiyo maana hawatuhusu.

Jumamosi ya mechi Tasilo hakuruhusiwa kuingia. Alisimama nje ya uzio pamoja na madereva na wapishi, ameshika waya kwa vidole. Kwenye benchi la timu alikaa Bwana Crowhurst na gazeti lake. Wahindi walipewa upande wao wa kutazamia, na baba yake Harshad alikaa mstari wa mbele. Baba yake Stavro alikaa na Wazungu, mwishoni mwa benchi, maana Mgiriki kule Klabuni alikuwa Mzungu wa mwishoni mwa benchi. Refa alikuwa padre wa Kiswisi ambaye hakuwa rafiki wa mtu yeyote, alikuwa rafiki wa kitabu cha sheria.

Sikilizeni sasa alichofanya kila mmoja.

Klabu walikuwa na Giles, mtoto wa Pettifer, mwenye kilo mia na mabega ya kubebea mlango. Mchezo wake ulikuwa mmoja tu: anakuja mbio, watu wanampisha, anafunga. Robo ya kwanza alifunga mara tano. Ya sita akamkuta Asegelile amesimama. Giles hakupunguza mwendo, kwa nini apunguze? Kishindo kikasikika mpaka nje ya uzio. Padre akapiga filimbi, kosa la Giles. Watu wa Klabu wakazomea. Giles akarudi tena, akagonga tena, jino la mbele la Asegelile likadondoka, naye akaliokota akalitia soksini. Mara ya tatu ubavu ulivunjika, mara ya nne ukavunjika wa pili, na kila mara Giles alikuwa anaamini kwamba safari hii mtu yule atapisha. Mara ya tano Giles ndiye aliyeanguka, bega lake likavunjika, na makosa matano yakamtoa uwanjani. Kwa mchezo ule, bila Asegelile kusimama, Giles angewazika kabla ya mapumziko.

Mapumziko yakafika, jua kali, Lugalila wako nyuma kwa pointi sita. Mezani kulikuwa na jagi la maji na glasi kumi na mbili za wageni. Mtumishi akawapa wanne. Alipofika kwa Asegelile akatikisa kichwa, akaonyesha kidole kwenye hori la farasi nyuma ya banda. Masikini yule mtumishi alikuwa Mwafrika mwenzake, lakini alikuwa na watoto sita. Asegelile hakuweza kufika kwenye hori. Alikuwa amekaa chini, anatema damu, macho yanapinduka. Wakiwa wanne, mechi imekwisha. Harshad akatazama upande wa baba yake. Kisha akaipeleka glasi yake mdomoni mwa Asegelile, akamnywesha taratibu, damu ikaingia kwenye maji, na maji yaliyobaki Harshad akayanywa yeye mpaka tone la mwisho, hadharani, ili mtu asiseme ilikuwa glasi ya mbwa, ionekane ni glasi ya wachezaji wawili. Akajaza tena. Asegelile akanyanyuka. Upande wa Wahindi baba mtu alisimama, akafunga kifungo cha koti, akatoka bila kugeuka. Bila maji yale wangekuwa wanne, na wanne wangekuwa wameshindwa.

Nyongeza kidogo hapa, maana inanichekesha na kuniudhi. Kesho yake Klabu walivunja glasi zote kumi na mbili, kwa kuwa hawakukumbuka ni ipi.

Sekunde za mwisho. Lugalila wako nyuma kwa pointi moja. Stavro alikuwa mahali pake, anangoja, Harshad akampa mpira, naye alipoupandisha mtu wa Klabu akampiga mkono. Padre akapiga filimbi: mitupo miwili ya adhabu. Ndipo Bwana Pettifer alipoinuka, akamshika baba yake Stavro begani kama rafiki, akatembea naye polepole mpaka nyuma ya goli, wakasimama pale ambapo mtupaji hawezi kutowaona. Ile nyumba waliyokaa akina Stavro ilikuwa ya Pettifer, kazi ni ya Pettifer, hata kaburi la mama yake Stavro lilikuwa ndani ya shamba la Pettifer. Mzee wa Kigiriki alikuwa anatikisa kichwa kidogo sana, hapana, mwanangu, hapana. Stavro akatupa wa kwanza, ukaingia. Akatupa wa pili, ukaingia. Mkono haukutetemeka. Bila mitupo ile kusingekuwa na ushindi.

Pettifer akauondoa mkono wake kwenye bega la mzee.

Madereva na wapishi waliruka, wakambeba Tasilo, funguo zake zikilialia kiunoni. Yeye hakuruka. Alikuwa anahesabu nani atalipia nini. Na hakukosea. Kabla jua halijatua, vitanda vya akina Stavro vilikuwa vimetolewa nje. Kaka yake Harshad alifika bwenini na sanduku la nguo, akaliweka mlangoni, akasema tu, "Baba amesema nyumbani hakuna mtu wa jina hilo." Asegelile alifungwa mbavu kwa shuka la chuo, na daktari akasema hatacheza tena maishani.

Jumatatu asubuhi baraza la chuo likakaa. Tasilo akaitwa, akasimamishwa mbele ya meza ndefu. Pettifer alikuwa mtu wa kutimiza neno, na hilo ndilo lililomfanya awe hatari. Wale kumi na wawili wataingia, akasema. Ahadi ni ahadi. Lakini kuna nidhamu. Mmoja amemvunja mtoto wa mwenyekiti bega. Mmoja amechafua vyombo vya Klabu. Wa tatu ni mtoto wa mtu aliyefukuzwa kazi kwa kukosa uaminifu. Wote watatu wafukuzwe, na majina yao yapelekwe vyuo vyote nchini ili wasipokelewe popote.

Crowhurst, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akajitutumua. "Bwana Mwenyekiti, hao ndio walioleta ushindi. Angalau..."

"Angalau mmoja?" Pettifer akatabasamu. "Vizuri. Mimi si mtu mbaya."

Akamgeukia Tasilo, akabadilisha lugha, akamsemesha Kiswahili kile cha shambani walichokuwa wakiwasemesha wapishi.

"Wewe iko mwalimu yao, sivyo? Basi wewe taandika jina moja. Moja tu. Ile moja takaa, tasoma, tapata cheti. Mbili takwenda. Leta karatasi mbele ya kengele ya chakula."

"Bwana," Tasilo akasema, "mimi ni mtunza stoo."

"Leo hapana. Leo wewe iko mwalimu."

"Na nisipoandika?"

"Wewe lete karatasi iko tupu, yote tatu takwenda, na ile kumi na mbili hapana kuja."

Mnaona ujanja wa mtu huyu? Mwaka mzima Tasilo alifundisha, na wakubwa hawakumwita mwalimu. Wakampa ualimu siku ambayo kazi ya mwalimu ilikuwa kukata.

Akarudi stoo na karatasi. Saa nne ilikuwa imepita, kengele ya chakula ni saa sita. Akakaa juu ya gunia la chumvi. Wale watatu wakaingia, na habari wamekwisha ipata, kwani habari mbaya haihitaji mguu.

Mnatarajia niwaambie kwamba kila mmoja alisema, "Mchague mwenzangu"? Mngependa, eh? Mimi pia ningependa. Haikuwa hivyo.

Asegelile ndiye aliyeanza, ameshika mbavu, anaongea kwa pumzi fupi. "Mwalimu, mwaka mzima umeninyima chakula ili nisimpishe mtu. Leo usinitazame kwa macho hayo. Sitampisha Harshad, sitampisha Stavro. Ukinitoa hapa nitakwenda kuchuma chai ya Pettifer, kwa mbavu hizi, na wale kumi na wawili watakuja kunikuta shambani na kikapu mgongoni. Hilo ndilo unalotaka walione siku ya kwanza?"

"Wewe una mama," Harshad akasema. "Ukirudi kwenu mlango utafunguliwa, utapewa ugali, utaitwa shujaa. Stavro ana baba, watalala nje lakini watalala wawili. Mimi nilikupa maji, Asege. Kwa glasi moja nimepoteza bibi, baba, duka, na mke niliyekwisha posewa. Kitanda cha bweni ndicho nyumba yangu. Mwalimu, mimi sina pa kupeleka sanduku lile."

Stavro alikuwa amengoja zamu yake, kama alivyofundishwa.

"Nyinyi wawili mlicheza ili mpate kitu," akasema. "Mngeshindwa, mngekuwa mlivyokuwa kabla ya kuja hapa. Mimi ningekosa mtupo mmoja, mmoja tu, leo ningekuwa na kwetu. Niliutupa nikijua. Na sasa Mwalimu atasema, huyu ni Mzungu, atajua mwenyewe. Sema ukweli, Mwalimu. Si ndivyo unavyofikiri?"

Tasilo akainamia karatasi, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akifikiri.

"Mzungu siku zote ana pa kwenda," Asegelile akasema.

"Wapi? Nionyeshe!"

"Mnagombana kama mimi sipo, kama mtumishi wa kuleta maji tu," Harshad akasema.

"Nani alikuomba maji yako?" Asegelile akamgeukia.

Hapo ndipo palipoharibika. Moja likaleta jingine. Wakaanza kuitana majina, yale majina ambayo mwaka mzima yalikuwa hayajatamkwa katika uwanja ule, jina la mweusi, jina la Mhindi, jina la Mgiriki, yale ambayo kila mmoja wenu anayajua na mimi sitayasema mbele ya watoto. Yalitoka yote, mazima, hayakuwa yamepata hata kutu. Harshad alipomsogelea Asegelile, Asegelile akainua mkono kumsukuma, na Harshad akajikunja asiguswe.

Karani wa Pettifer alikuwa amesimama dirishani, ametumwa aangalie. Aliangalia mpaka akatosheka, akaondoka kwenda kutoa habari.

"Tokeni," Tasilo akasema.

"Mwalimu..."

"Tokeni nje!"

Wakatoka, kila mmoja akasimama upande wake wa uwanja. Na Tasilo akabaki na karatasi juu ya goti na kalamu ya stoo, ile ya kuandikia majembe.

Haya, mimi nimefika mwisho wa ninachokijua. Najua mnachotaka kusema, maana nimekisikia kila mahali.

Mama mmoja aliniambia, mchague Asegelile, yeye ndiye aliyevunjwa. Nikamuuliza, mbavu mbili zina uzito gani mbele ya jina lililofutwa na baba mzazi? Mbavu huunga.

Mzee mmoja akasema, mchague Harshad, hana pa kulala. Nikamwambia, basi ukiwa na mama masikini mwenye sufuria moja ya ugali, mama huyo anakupunguzia haki? Akanikasirikia, akaniita mchochezi.

Mwalimu mmoja wa shule akasema, mchague Stavro, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na cha kuchagua. Watu wote walimzomea. Nikawauliza waliozomea, mnazomea hoja yake au ngozi ya Stavro? Kama ni ngozi, Pettifer ameshinda mechi ile, na nyinyi mmemfungia kikapu.

Kuna wajanja wanaosema Tasilo aandike jina lake mwenyewe, au aichome moto karatasi, au awapange wapige kura. Nyinyi mnaojificha nyuma ya ujanja, kumbukeni wale kumi na wawili, barua wanazo mkononi, ng'ombe wameuzwa. Mmoja wao huenda ni babu yako. Na kura walikwisha piga, kila mmoja alijipigia mwenyewe.

Na msiniulize alimwandika nani. Aliyenisimulia hadithi hii alikuwa mpishi aliyetumwa kupiga kengele siku ile, na anasema aliposhika kamba alimwona Bwana Stoo kupitia mlango, ameinama, kalamu iko kwenye karatasi, na uwanjani vijana watatu wanamtazama, hawatazamani. Mpishi akachelewa makusudi, akahesabu moja mpaka mia, akahesabu tena. Zaidi ya hapo hakuweza, angefukuzwa na yeye. Akavuta kamba.

Basi kengele inalia. Mmoja alisimama, mmoja alinywesha, mmoja alitupa, na hakuna aliyefanya kidogo kuliko mwenzake. Ewe uliyekaa hapo mbele, na wewe unayejifanya umelala, na wewe mtoto uliyekataa kwenda kulala: kalamu iko mkononi mwako, utaandika jina la nani, na wale wawili utawatazamaje ukitoka nje?